Karata ya Kifo ikitoka ukimsomea rafiki

Dada, nimekuelewa: ukijisomea karata tatu za taroti, zile karata za picha za kubashiria, mambo yanaenda, ila rafiki akikaa mbele yako na kuuliza habari za mchumba wake, unakwama, hasa ikitoka karata ya Kifo.

Kabla ya kuchanganya karata, kubalianeni swali. "Ataniacha?" ligeuzeni liwe "Nifanye nini katika uhusiano huu?" Kisha mtajie nafasi ya kila karata: yaliyopita, yaliyopo, yanakoelekea.

Usisome karata mojamoja, zitazame zote kwa pamoja. Katika Rider-Waite, seti ya taroti ya mwaka 1909, Kifo ni mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, na kwa mbali jua linaonekana katikati ya minara miwili. Ikifuatiwa na karata ya Nyota, mimi husoma jambo linalokwisha na nafuu inayokuja, si msiba. Mwulize yeye kwanza anaona nini pichani; hapo ndipo usomaji unapofunguka.

Usitabiri ugonjwa, mimba wala kifo, hata akikubembeleza. Akikwambia anapigwa au amechoka kuishi, weka karata pembeni, umsindikize kwa mshauri nasaha au hospitali. Na akitaka kurudia swali lilelile usiku huohuo, mkatalie.