Anaungua bila kusikia, eksirei iko safi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kike, miaka 34, ameungua vidole mara mbili kwa mfuniko wa sufuria bila kusikia chochote. Ajabu ni kwamba ukimgusa, anasikia. Akikohoa, kisogo kinamuuma sana. Eksirei ya shingo haikuonyesha kitu. Tumeambiwa huenda ana uwazi wenye maji ndani ya uti wa mgongo. Unathibitishwaje?

JIBU: Marahaba. Hilo la kuungua huku mguso umebaki lichukulieni kwa uzito. Neva za maumivu na joto huvuka katikati ya uti, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mifupa ya mgongo, kwenda upande wa pili, palepale uwazi unapotanuka. Neva nyingi za mguso hupanda kwa nyuma, ndiyo maana husalimika muda mrefu. Ugonjwa huo ni siringomielia.

Daktari ampime kwa pamba, kisha kijiti kilichochongoka, halafu chupa mbili, ya maji baridi na ya vuguvugu, kuanzia vidoleni hadi mabegani. Mara nyingi ganzi hukaa kama mtandio uliotupiwa mabegani. Atazame pia kama nyama ya kiganja chini ya kidole gumba imepungua. Ukoma nao huleta kuungua bila maumivu, ila huko kwa kawaida mguso nao hupotea, na huonekana baka lenye ganzi au neva iliyonenepa kwenye kiwiko.

Eksirei huonyesha mifupa, si uti. Kipimo chenyewe ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, na msikubali ya shingo peke yake: ombeni uti mzima pamoja na ubongo. Maji yaliyo ndani ya uwazi huo ni matokeo. Lazima chanzo kitafutwe. Kwa kisogo kinachouma akikohoa, namshuku kwanza Chiari, yaani ncha za ubongo wa nyuma kushuka milimita 5 au zaidi chini ya tundu la fuvu na kuziba njia ya maji yanayozunguka ubongo na uti. Isipoonekana, picha irudiwe kwa dawa ya kung'arisha ili uvimbe usipite bila kuonekana. Waelezeni madaktari pia kama aliwahi kuumia mgongo au kuugua homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ya kifua kikuu, kwa sababu makovu yake huzuia maji vilevile. Wakisoma ufa mwembamba wa milimita 1 au 2 kwa mtu asiye na dalili, huwa ni mfereji wa asili tu, hauhitaji kupasuliwa.

Asichomwe sindano ya mgongo ya kutoa maji ya uti kabla ya MRI. Kwa mwenye Chiari inaweza kuushusha ubongo zaidi. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma au chakula kikimpalia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kwa sasa asipime joto la maji kwa mkono wake. Apimiwe na mtu mwingine, na sufuria aishike kwa kitambaa kinene kila mara.