Glovu niliyompa asiyestahili: ushauri wa kupima ulinzi kwenye besiboli

Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa natunza daftari la timu yetu ya vijana hapa Dodoma. Msimu ulipoisha nikamkabidhi kijana wa Makole glovu mpya, zawadi ya mlinzi bora. Alikuwa anacheza shotistopu, ile nafasi ya kati ya kituo cha pili na cha tatu (vituo ni zile alama ambazo mpigaji huzikimbilia), na alikuwa na makosa mawili tu. Mwenzake wa Nkuhungu, waliyekuwa wakipokezana nafasi hiyo, alikuwa na kumi na moja. Nikajiona mtaalamu.

Aliyenizindua ni mtoto wa darasa la tano tuliyempa kazi ya kuokota mipira kwenye miiba nyuma ya uwanja. "Shikamoo mwalimu. Yule kaka wa glovu akicheza mimi nakimbia sana. Akicheza yule mwingine napumzika."

Nikacheka. Usiku nikafungua daftari, kicheko kikaisha. Kwa idadi ileile ya mechi, wa Nkuhungu alikuwa amehusika kuwatoa wapinzani karibu mara mbili ya mwenzake. Wa Makole mpira ukipita hatua tatu pembeni aliusindikiza kwa macho, na mpira usioufikia hauandikiwi kosa. Wa Nkuhungu aliurukia, akaufikia, na kwenye ardhi yetu hii ngumu yenye vijiwe wakati mwingine ukamponyoka. Kosa! Ni sawa na kumsifia kipa kwamba hatemi mipira, kumbe haruki.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mchezaji kwa maisha yake yote uwanjani, usianzie kwenye asilimia ya mipira aliyoicheza bila kosa. Mtazame Ozzie Smith na Derek Jeter, mashotistopu wawili wa Marekani. Smith alimaliza na 0.978, yaani mipira 978 kwa kila 1,000 bila kosa, Jeter 0.976. Ukiishia hapo utasema ni mapacha. Sasa hesabu watu waliotolewa kwa mkono wao, ama kwa kudaka au kwa kurusha: Smith ni kama watano kila mechi, Jeter hawafiki wanne. Zidisha hiyo tofauti kwa mechi zaidi ya 2,500, maana wote wawili walizivuka.

Lakini hapo nako pana mtego. Enzi za Jeter wapigaji wengi zaidi walikuwa wanatolewa kwa kukosa kuupiga mpira, kwa hiyo mipira iliyomfuata shotistopu ilipungua. Mlinganishe mtu na mashotistopu wa wakati wake kwanza. Hata hivyo Jeter anabaki chini, na vipimo vya kisasa vinavyohesabu pointi alizookoa mlinzi vinamweka pabaya, pamoja na tuzo zake tano za Gold Glove, ile ya mlinzi bora wa kila nafasi. Tuzo hizo hupigiwa kura, na macho ya watu huvutwa na jina. Mwaka 1999 Rafael Palmeiro alipewa ya kituo cha kwanza akiwa amecheza hapo mechi 28 tu! Mimi na glovu yangu ya Makole tumepata wenzetu.

Vipimo hivyo vya kisasa navyo vina umri. Kile cha pointi zilizookolewa kinaanzia 2003, na kile cha kamera kinachopima ugumu wa kila mpira kinaanzia 2016. Smith alistaafu 1996, hana namba hata moja humo. Kwake unarudi kwenye hesabu za kale na makadirio. Jeter alianza 1995, miaka yake ya kwanza nayo imeachwa nje. Msimu mmoja pia usikutie wazimu, kwa sababu mipira migumu inayomwangukia mlinzi kwa mwaka si mingi. Mimi nasubiri walau misimu mitatu.

Halafu angalia nafasi. Miguu huzeeka kabla ya mikono, ndiyo maana Ernie Banks, mchezaji mwingine wa Marekani, alihamishwa kutoka shotistopu kwenda kituo cha kwanza, ambako mlinzi hakimbii sana. Namba za huku na za kule usizimwage kapu moja.

Siku hizi daftari langu lina safu ya ziada: mipira iliyopita karibu bila kuguswa. Anayeweka nukta ni yule mtoto wa miiba, sasa yuko sekondari, na ni mkali kuliko mimi. Kijana wa Makole tulimpeleka kituo cha kwanza, ambako anadaka vizuri sana. Glovu hajarudisha.