Kabla hujalipia bustani kando ya korongo

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata robo eka kando ya korongo, nyuma ya gereji. Maji yapo mwaka mzima na kodi ni ndogo. Nianze mchicha na chainizi?" Nilivyoisoma meseji ile, nilijiona mimi mwenyewe miaka sita iliyopita.

Unayenisoma najua unachotafuta: hela ya kila siku, usimsubiri mtu mwisho wa mwezi. Hata mimi. Na Dodoma hii, mvua ikikatika Aprili mpaka Desemba tena, mwenye maji ndiye mwenye pesa. Maji yangu yalishuka kutoka mjini, meusi kidogo, yananukia sabuni. Mchicha uliota kwa fujo! Majani mapana kama kiganja, na kina mama wa soko la Majengo walikuwa wakinigombania alfajiri kabla sijashusha viroba kwenye pikipiki. Nikanunua pampu, nikaajiri vijana wawili. Nilijivuna, nakiri.

Kisha nikapata oda ya shule moja ya bweni. Mwalimu wa jiko akataka mboga zipimwe kwanza maabara. Niliona ananidharau. Majibu yakarudi: risasi, ile metali yenye sumu inayowekwa kwenye betri za magari, imepita kiwango. Kwa mboga za majani, kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, na za kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, ni 0.2. Oda ikafa palepale, na habari zikafika sokoni kabla yangu. Mama aliyekuwa akiniita "mwanangu" miaka miwili akageuza uso, akaendelea kupanga mafungu ya mtu mwingine. Nikipita pale bado moyo unauma.

Ila usiku nilichowaza ni binti yangu. Mchicha ule ndio uliokuwa mboga yetu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua. Kadimiamu nayo hujikusanya kwenye figo ikakaa miaka 10 hadi 30.

Kesho yake nikapandisha korongo kwa miguu. Hatua mia tatu tu, nikakuta mafundi betri. Betri zimepasuliwa, tindikali inamwagwa chini, kijana anayeyusha risasi kwenye sufuria lililokunjamana, mchanga umegeuka kijivu. Mvua moja, vyote vinateremka kwangu. Nilipita pale kila siku, sikuwahi kushuka kwenye pikipiki.

Miezi iliyofuata naiacha. Niliuza pampu, nikalipa madeni, leo nalima upande wa Ihumwa kwa maji ya kisima nilichokipima kabla ya kupanda mbegu hata moja.

Kwa hiyo mdogo wangu, tembea juu ya korongo kwanza. Usiyaamini macho, mboga yenye risasi hupendeza kama nyingine. Kuosha kunatoa vumbi la juu. Kilichonyonywa na mizizi hakitoki, hata uchemshe mchana kutwa. Usikimbilie kando ya barabara kuu pia: petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwaka 2006, lakini risasi haiozi, udongo ule bado unayo. Pima maji na udongo kabla ya kulipa kodi. Na tembea juu ya korongo, narudia.

Jamani, anayenunua fungu lako hana maabara nyumbani. Anakuamini wewe. Ukijua maji yako ni machafu ukaendelea kumuuzia, unamlisha mtoto wake sumu kwa mkono wako, na shida zako za kodi ya nyumba hazibadilishi hilo.

Jana amenijibu kwamba ameshalipa miezi mitatu. Nimemwambia asipande kitu cha kuliwa. Aweke viriba, aoteshe miche ya miti ya kivuli na maua. Nyumba zinajengwa kila kona ya jiji na wenye nyumba wanaitafuta. Jumamosi nakwenda, tutapandisha korongo wote wawili.