Maswali ya Wasomaji: Kidokezo Kitamu na Kidokezo cha Kusahaulika

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kondele, Kisumu. Ninapenda mno kujaza mafumbo ya maneno gazetini, na sasa nimeanza kuwatungia wanachama wa chama cha Kiswahili shuleni ninakofundisha. Kuna vidokezo ambavyo wanafunzi huvishangilia wakivifumbua na kuvirudia hadi njiani, na kuna vingine ambavyo hujazwa kimyakimya na kusahaulika kabla kengele haijalia. Tofauti hutoka wapi?

JIBU: Ndugu mwalimu, tofauti hutoka katika njia ambayo kidokezo humpitisha mfumbuzi kabla hajalifikia jibu. Ukiandika "Mnyama mwenye mkonga (5)", umesema kweli, ila umemwachia majibu mawili yaliyo sawa kwa maana na kwa idadi ya herufi, TEMBO na NDOVU, naye hana budi kungoja herufi za maneno yanayokatiza zimwamulie. Sasa andika "Porini hukanyaga, kibuyuni hulevya (5)". Ndovu ameondoka papo hapo, maana hakuna anayemnywa ndovu. Mfumbuzi atahangaika kidogo akitafuta kitu kimoja chenye makazi mawili, na jibu likimjia atajua kwamba amelipata bila kungoja toleo lijalo, kwa kuwa kila neno la kidokezo limepata kazi yake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kwanza. (Najua kwamba huko kwetu magharibi busaa, pombe ya nafaka, ndiyo inayojulikana zaidi kuliko tembo la mnazi, lakini neno tembo kwa maana ya pombe limo katika kamusi za shule, kwa hiyo mwanafunzi hajaonewa.)

Mafumbo haya yalianza na vidokezo vya maana tupu. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na hila za maneno ziliongezwa baadaye na watunzi wa Uingereza. Mmoja wao, aliyejiita Afrit, aliweka mwaka 1949 kanuni ambayo ningependa kila mtunzi wa Kiswahili aishike: mtunzi halazimiki kukusudia kile anachosema, lakini ni lazima aseme kile anachokusudia. Ana ruhusa ya kumpeleka mfumbuzi upande usiofaa, mradi maneno yenyewe yawe ya haki hadi mwisho.

Kiswahili kinatupa utajiri mkubwa hapa, pamoja na mtego mmoja ambao watunzi wengi hawauoni. Maneno kama paa, kaa na panda yana maana kadhaa, lakini ngeli hutoboa siri. Ukisema "limevuja", umekwisha kumtoa paa wa porini. Ukisema "amekimbia", umelitoa paa la nyumba. Dawa yake ni kiambishi "hu-" cha mazoea, ambacho hakibebi ngeli yoyote. "Huvuja mvua ikinyesha, hukimbia mbwa wakibweka (3)" ni kidokezo kinachozificha maana zote mbili kwa usawa, na sarufi yake haina dosari. Ninaamini kwamba mwanafunzi akikifumbua hicho atakuwa amejifunza jambo kuhusu ngeli ambalo zoezi la kawaida lisingemfunza kwa urahisi huo.

Unaweza pia kuingia ndani ya umbo la neno. "Jiji la magharibi mwa Kenya (6)" litajazwa na kusahaulika. "Penye kisu mwanzoni na ziwa pembeni (6)" ni mji wako mwenyewe, na hakuna neno lililowekwa pale kwa kujaza nafasi.

Vidokezo vinavyosahaulika nimeviona vya aina nyingi. Kuna kisawe kisicho na mipaka, mfano "Nzuri (4)", ambacho BORA na SAFI wote wanakidai. Kuna kitendawili kikongwe kilichonakiliwa jinsi kilivyo: ukiandika "Nyumba yangu haina mlango", kila mtoto ataandika YAI kwa kumbukumbu tu, bila kufikiri. Tena kuna kidokezo kinachozeeka. "Jiji jipya kabisa la Kenya" lingekuwa NAKURU kuanzia Desemba 2021, lakini Agosti 2024 Eldoret ikapewa hadhi hiyo, na anayeokota gazeti la zamani anapotezwa bila kosa lake.

Jambo la mwisho kwako linahusu jedwali. Maneno yetu mengi huishia na irabu, na vitenzi tukivitaja kwa "ku-" huanza vivyo hivyo vyote, kwa hiyo herufi ya kwanza au ya mwisho iliyokatizwa humsaidia mfumbuzi kidogo sana. Hakikisha kwamba neno gumu limekatizwa kwenye konsonanti za katikati.

SWALI: Mimi ni mzazi, niko Nakuru. Mafumbo mengine hujaa maneno ya kale ya ushairi hata binti yangu wa darasa la sita hukata tamaa. Je, utamu wa fumbo si ugumu wake?

JIBU: Ugumu ni mzuri ukiwa katika kidokezo, na huchosha ukiwa katika jibu. Asiyelijua neno hawezi kulifikia kwa kufikiri, hata akeshe. Afadhali jibu liwe neno ambalo binti yako amelitumia tangu chekechea, lakini lililojificha. Mpe hiki bila kumsaidia: "Huchanua bustanini, huzunguka nyumba, huamuru mauaji (2)". Jibu ni UA, na naamini atakwenda kumtegea mwenzake.