Kwa Rahma, kuhusu ile nyumba ya Hemingford

Mwanangu Rahma,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha za nyumba nimezitazama zote, hata ile ya choo. Umeniuliza swali moja tu la mkato: "Mama, upande ule wa Hemingford Grey maji huwa yanaingia ndani, au yanaishia uwandani?" Unataka ndiyo au hapana kwa sababu dalali anakuharakisha. Nitakujibu, lakini kaa kitako, maana katika habari za kijiji kile cha huku Uingereza maji ndiyo jambo dogo.

Huo mto ni huu huu wa kwangu. Great Ouse unaanzia Northamptonshire, unapita hapa kaskazini ya Milton Keynes, unateremka Newport Pagnell, unapita katikati ya Bedford, ndipo unafika kwenu, halafu unakwenda kumwagika baharini kule King's Lynn. Kilomita kama 230, na hauna haraka hata kidogo. Mvua kubwa ikinipiga mimi leo, nyinyi mtaiona baada ya siku kadhaa, jua limeshatoka na watu wameanza kuanika nguo. Ndiyo maana mgeni hudanganyika. Hutazama mbingu, na mbingu haina habari. Krismasi ya 2020, polisi wa Bedfordshire walipowasihi watu wa kando ya mto wahame majumbani, mimi nilisimama dirishani nikamkumbuka yule bibi, jirani yetu tulipokuwa tukikaa upande huo. Unamjua nani. Nitamfikia.

Kuhusu bima, sikiliza vizuri, maana hapa dalali hatakwambia kitu. Serikali na makampuni ya bima waliweka mpango unaoitwa Flood Re mwaka 2016, ili watu wa mabondeni wapate bima ya mafuriko kwa bei ya kulipika. Unazihusu nyumba zilizojengwa kabla ya 2009, kwa hiyo hiyo yenu ya matofali mekundu imo. Lakini mpango wenyewe umewekewa mwisho, 2039. Wewe na mumeo mnachukua mkopo wa miaka thelathini. Piga hesabu mwenyewe. Basi, maji nimeshamaliza. Sasa swali ambalo hukuniuliza.

Hukuniuliza kama mtaishi na nani.

Najua utacheka, utasema mama ameanza. Nimeanza. Nimesema tangu uko skuli na nitasema mpaka nizikwe: nyumba hununuliwa, jirani hanunuliwi. Picha kumi na tano za dalali, hata moja haina mtu. Jiko lipo, ngazi zipo, bustani inayoteremka mpaka majini ipo, na mtu hakuna.

Uzuri wa pale siubishi. Marehemu baba yako alikipenda kile kijiji kuliko mimi. Ukisimama ng'ambo ya mto ukatazama lile kanisa la Mtakatifu James, na mnara wake uliokatika ncha, unaelewa kwa nini watu huja na brashi na rangi. Dhoruba ya 1741 ndiyo iliyoivunja ncha, na wenyeji husema mawe yake yamo mtoni mpaka leo. Hawakuijenga tena. Waliweka mapambo ya mawe pembezoni, yakaisha. Baba yako alilipenda jambo hilo. Alisema watu wanaoweza kuishi na kitu kilichovunjika bila kuona haya ni watu wa kuishi nao. Mimi nilisema labda hawakuwa na pesa.

Na ile nyumba ya mawe ya Wanormani, yenye handaki la maji kuizunguka na ile miti iliyokatwa kwa maumbo ya mchezo wa chesi. Kila mgeni lazima aambiwe kwamba ilijengwa miaka ya 1130 na watu wameishi ndani yake mfululizo. Unakumbuka baba yako alivyokuwa akingoja mtu aitaje tu? Alikuwa akiweka kikombe chini, anajifuta mdomo, anasema kwa upole kabisa kwamba kwao, Kizimkazi, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyoandikwa mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na watu bado wanasali humo. Halafu anachukua kikombe chake tena. Sijapata kumwona mtu akifurahia miaka thelathini hivi ya tofauti namna ile.

Kuna na wale dada wawili wa Gunning waliozaliwa hapo miaka ya 1730, mmoja akaolewa na Duke wa Hamilton na mwenzake na Earl wa Coventry, mabwana wenye vyeo vikubwa. London nzima ilikuwa ikijaa barabarani kuwatazama. Yule wa Coventry, Maria, alikufa 1760 kijana kabisa, na inasemwa ni ule unga mweupe wa risasi aliokuwa akijipaka usoni. Nilikusimulia kisa hicho ulipofika miaka ya kununua vipodozi, na nitamsimulia na binti yako. Mkorogo haukuanzia Kariakoo.

Lakini nilikuwa katika jirani.

Ile habari ya mkate unaijua, ila uliijua kitoto. Yalikuwa maonesho ya kiangazi ya kijiji kimoja cha jirani, nisikitaje. Hema kubwa jeupe uwanjani, meza ndefu, vitambaa vyeupe, karoti zimepangwa tatu tatu zote saizi moja, mayai katika sahani, jemu zimeinuliwa kwenye mwanga. Kulikuwa na fungu la mkate wa nyumbani. Basi nikasema na mimi nina mkate. Mchele niliuroweka tangu jana yake, nikausaga na tui, hamira, hiliki za kutwanga mwenyewe si za kopo, ute wa yai nikaupiga mwisho. Mkate wa kumimina ulioumuka ukawa na vitundu sawasawa juu mpaka chini, nadra kwa mchele wa dukani wa nchi hii. Niliupeleka bado una joto chini ya kitambaa.

Waliruhusu waamuzi wafanye kazi, sisi tukasubiri nje. Tulipoingia, kila mkate mezani ulikuwa umekatwa pande moja, umeonjwa. Wangu ulikuwa mzima. Juu yake kadi, imeandikwa kwa wino mzuri, kwamba haukufuata masharti ya shindano. Basi. Masharti yalitaka unga wa ngano.

Rahma, ningeonjwa nikashindwa, ningekula jeraha langu nikaenda nyumbani. Ningeambiwa sukari imezidi, ningebisha lakini ningelala. Hawakuukata. Hilo ndilo lililoniuma na bado linaniuma, na ninapoandika hapa mkono unataka kuanza kukandamiza kalamu. Mtu ana kisu mkononi, ana mkate mbele yake unaonukia hiliki, halafu anaandika kadi!

Na mwandishi wa kadi hiyo alikuwa yeye, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilimjua kwa mwandiko, maana ndiye aliyekuwa akituwekea karatasi mlangoni siku za pipa la takataka. Wewe ulilia. Baba yako aliubeba ule mkate mpaka benchi la mtoni, tukaukata kwa kisu cha mfukoni, akasema masharti yameshafuatwa. Mimi sikucheka. Siku hizi nacheka kidogo.

Sasa ile Pasaka ya 1998. Idi Kubwa ilikuwa imetoka wiki ile ile, nyama ya kuchinja bado ipo kwenye friza. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo huku juu, lakini kwetu kumekauka, ndivyo nilivyokwambia. Baba yako yuko kazini, zamu ya usiku. Mlango ukagongwa. Nafungua, naye kasimama, koti la mvua juu ya nguo za kulalia, mabuti ya mpira, tochi. Hakusema hujambo. Alisema, "Mazulia." Nikamwonesha dirisha la mbele, mto haujafika hata barabarani. Akatikisa kichwa, akanipeleka jikoni, akamulika bustani ya nyuma. Kote kumemeta. Maji ya pale hayaji kwa mlango wa mbele, mwanangu. Yanapanda kwa nyuma, kutoka kwenye malisho na chini ya ardhi yenyewe, na wewe unatazama mtoni.

Tukakunja mazulia wawili sisi, kimya. Tukapandisha viti, friza tukaiweka juu ya matofali, sanduku la pasi za kusafiria na vyeti likapelekwa juu. Alipofika kwenye msahafu juu ya marufaa yake, mikono yake ilisimama. Akanigeukia akauliza kama anaruhusiwa kuushika, au niuchukue mimi. Nikauchukua mimi. Maji yaliishia kwenye kidato cha mlango wa jikoni, hayakuingia. Hilo ndilo jibu la swali lako, ukitaka. Alfajiri nikamwambia angoje chai. Akasema asante, ana paka wa kulisha.

Kwa miaka yote tuliyokaa pale hakuwahi kuingia tena, wala mimi kwake sikuwahi kupita ukumbi. Tuliamkiana juu ya ua. Nikipeleka sahani ya Idi, hurudi imeoshwa, ina matofaa ya bustani yake, na karatasi ya shukrani. Mkate ule hatukuwahi kuutaja.

Nimelipima jambo hili kwa kila upande. Kwetu Makunduchi jirani angeula mkate wangu kabla haujapoa, angeusema kwa watu kwamba haukuiva, na kesho angekuja kuuliza kama umebaki. Na usiku wa maji? Angekuja, ndiyo. Nadhani angekuja. Ila sijui kama angeuliza kwanza mbele ya kitabu cha dini isiyo yake. Halafu najijibu: mtu anayekujua hana haja ya kuuliza. Halafu najijibu tena: ndiyo maana wanaokujua hukuvunjia vitu. Baba yako alisema yule bibi ndiye jirani bora aliyepata kuwa naye, kwa sababu hakutaka chochote kwetu. Mimi nasema jirani asiyetaka chochote kwako ni zimamoto tu. Tuliligombania hili mpaka tulipohama, na bado namjibu ingawa hayupo.

Kwa hiyo usiniulize ninunue au nisinunue. Ni pesa zenu na maisha yenu, hukumu sitoi. Ila nyumba hununuliwa, jirani hanunuliwi, na hilo si hukumu, ni habari tu. Kama mtaitazama, nendeni Februari, msiende Juni. Juni kila mtu anapiga kasia na kula aiskrimu, na mkipita malisho kwenda kinu cha Houghton kununua unga mtatia saini siku hiyo hiyo. Tazama plagi za umeme za chini zimewekwa kimo gani. Zikiwa usawa wa kiuno, mwenye nyumba ameshakwambia bila kufungua mdomo. Uliza sakafu ni ya mwaka gani. Halafu gonga kulia na kushoto, omba chochote, hata bisibisi, utazame mlango unafunguliwa kiasi gani. Kama mumeo ataona haya, abaki garini.

Ningependa kuja nanyi. Msichague Alhamisi, nina miadi ya macho.

Mama yako