Maswali Yenu: Mheshimiwa Kacheza, Mtaro Je?

Wiki hii karibu wote mmeniandikia kuhusu wanasiasa na TikTok. Maswali ya uchumba yatasubiri.

Shikamoo Shangazi. Diwani wetu kila siku yuko TikTok, mara anacheza na kikundi cha akina mama, mara anakula wali na watoto. Huko si ndiko kuwa karibu na wananchi? (Msomaji, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Klipu uliyonitumia nimeitazama. Nusu dakika, singeli juu, mheshimiwa na kofia yake, akina mama wamejifunga leso za sare, mabega yanarushwa, vigelegele, kwisha. Hebu isimamishe pale anapogeuka. Nyuma ya bega lake mtaro unaonekana: maji meusi, chupa za plastiki, na ubao uliolazwa juu watu wapate kuvuka. Aliyekata video hiyo ama hakuuona, ama alijua hautakushughulisha. Na hakukosea, maana komenti zilizo chini nimezisoma: moto, kopa, moto, "baba lao". Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtaro utazibuliwa lini.

Sisemi asicheze. Ila akipanda jukwaani pale uwanja wa Tangamano lazima aseme jambo, na akisema jambo ameahidi, na mzee wa mstari wa nyuma atamzomea akiona anadanganywa. Kwenye simu yake, mzomeaji anablokiwa. Na ngoma haina ahadi ya kudaiwa. Ndiyo maana wanaipenda! Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda ukakae pale, usikie anachangia nini muziki ukiwa umezimwa.

Simfuati mgombea yeyote. Mbona video zao zinanijia? (Chumbageni)

Kwa sababu unazitazama. TikTok haihangaiki sana na unayemfuata. Inapima ulikaa kwenye video muda gani, uliirudia au hukuirudia, ulimtumia nani, uliandika nini. Hata ukiandika "mwongo mkubwa huyu" umempigia debe, maana komenti ni komenti. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuibuka ghafla. Romania, Novemba 2024, Călin Georgescu, ambaye wengi hawakumhesabu, aliongoza duru ya kwanza ya urais baada ya kampeni iliyotegemea sana TikTok. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi wote, kukiwa na tuhuma za akaunti zilizopangwa kumpaisha. Wewe ukikutana na usiyemtaka, pita. Usibishane naye.

Hivi TikTok inawalipa hawa wanasiasa? (Pongwe)

Hailipi. Matangazo ya siasa ya kulipia iliyapiga marufuku 2019, na tangu 2022 akaunti za wanasiasa na vyama haziruhusiwi hata zawadi za laivu. Lakini chawa, yule mpambe wa kumsifia mkubwa, hana akaunti ya chama. Analipwa mkononi, na video yake haiandikwi popote kuwa ni tangazo. Ukiona vijana watano wanamsifu mtu mmoja, siku moja, kwa maneno yaleyale, jumlisha mwenyewe.

Shangazi, hii klipu ni ya kweli? (Wengi mno)

Jamani, mimi si maabara! Nimekwisha kusema na narudia: hotuba nzima iko wapi, aliisema wapi na lini, na nani aliiposti kwanza? Kama huna majibu, grupu la familia liache lipumzike. Siku hizi akili mnemba inaiga sauti ya kiongozi mpaka kikohozi. TikTok inataka video za namna hiyo ziwekwe alama. Mwongo gani ataweka? Na kumbuka kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: anayechapisha uongo akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwamba ulikuwa hujui, utakwenda kumweleza afande.

Vijana wa Kenya walizuia muswada kwa TikTok. Sisi tunashindwa nini? (Muheza)

Kusoma. Wale kabla ya kuandamana waliufungua Muswada wa Fedha wa 2024, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili na lugha za nyumbani: mkate utapanda hivi, kodi ya gari hivi. Rais Ruto alipotangaza tarehe 26 Juni kwamba hausaini, watu walikuwa wamekwisha kuuawa barabarani, kwa hiyo usiniletee habari za kwamba waliushinda kwa simu tu. Wewe bajeti ya halmashauri yako umeifungua lini?

Mjomba anagombea uenyekiti wa mtaa. Nimfungulie TikTok? (Ngamiani)

Ya nini? Video yako itatazamwa Mwanza na Mbeya, na huko hawampigii kura. Mtaa wenyewe unazungukwa kwa baiskeli jioni moja. Mwambie apige hodi, na akiulizwa kuhusu taka asianze kucheka.