Mshahara wa Mhitimu na Uchaguzi wa Chuo: Majibu kwa Wasomaji

Binti yangu amepata gredi ya B katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Jamaa wanasema nimpeleke chuo ambacho wahitimu wake hulipwa vizuri. Je, nifuate ushauri huo? (Mama, Kakamega)

Hongera kwako na kwa binti, mama. Ushauri huo una kasoro moja kubwa: mshahara hufuata kozi kabla ya kufuata jina la chuo. Chuo kinachofundisha walimu wengi kitaonekana duni kando ya chenye kitivo cha utabibu, ilhali walimu wawili waliohitimu katika vyuo tofauti wakiajiriwa na TSC (tume ya kuajiri walimu) katika daraja moja, hulipwa kiwango kimoja. Kwa hiyo linganisha ualimu na ualimu, uuguzi na uuguzi. Vinginevyo utalipa karo kubwa zaidi kwa ajili ya sifa iliyotokana na kozi ambayo binti yako hataisomea.

Nimesoma kwamba Marekani huchapisha takwimu za mapato ya wahitimu wa kila chuo. Je, zinaaminika? (Mwalimu, Kisumu)

Zinasaidia, lakini zisomwe kwa uangalifu, mwalimu. Tangu mwaka wa 2015, tovuti ya College Scorecard ya Wizara ya Elimu ya Marekani imekuwa ikionyesha mapato ya kati ya wanafunzi miaka 10 baada ya kujiunga na chuo. Waliohesabiwa ni wale tu waliopata msaada wa fedha wa serikali kuu, na mapato ya kati humaanisha kwamba nusu yao hupata chini ya hapo.

Ni lipi la kwanza kukagua kwa anayetaka uhandisi? (Mwanafunzi, Nakuru)

Hakikisha kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Bila idhini hiyo mhitimu hawezi kusajiliwa, hata chuo kiwe na majengo ya kupendeza namna gani.

Kaka yangu anasita kati ya shahada na diploma ya umeme. Tutapimaje? (Msomaji, Bungoma)

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi, kwa kuwa familia nyingi hulipima kwa heshima ya mtaani pekee. Chukueni karatasi, muigawe safu mbili, na katika kila safu mwandike karo, chakula, kodi ya chumba, na mapato ambayo angeyapata katika miaka anayokaa darasani. Kisha ongezeni mkopo: HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, hivyo deni la shilingi 200,000 huzaa riba ya shilingi 8,000 katika mwaka mmoja, na anayekwepa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Diploma ikimwezesha kuanza kazi mapema, tofauti hiyo iandikwe waziwazi. Shahada nayo ikimfungulia usajili ambao diploma haiufikii, hilo pia liandikwe. Mwisho, nendeni katika taasisi ya ufundi iliyo karibu, kwa mfano Sigalagala, mkaulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho ni kampuni zipi ziliwapokea kwa mafunzo ya nyanjani, na ni wangapi kati ya waliowatangulia waliobaki huko kama wafanyakazi.